Shule ya Maskini Iliyotwaliwa na Matajiri

Tangu tarehe 1 Januari mwaka 2025, mzazi wa Uingereza anayempeleka mwanawe katika shule ya kibinafsi hulipa karo na juu yake ushuru wa VAT wa asilimia 20. Serikali ya chama cha Labour, iliyoshika hatamu Julai 2024 chini ya Bwana Keir Starmer, ilisema kwamba fedha hizo zingesaidia kuajiri walimu 6,500 zaidi katika shule za serikali. Baadhi ya wazazi na shule walikwenda Mahakama Kuu kupinga, na mnamo Juni 2025 majaji wakaitupilia mbali kesi yao. Hata baada ya hukumu hiyo kelele hazikuisha.

Huenda msomaji wangu wa Machakos au Kakamega akauliza, "Hayo ya Waingereza na karo zao yanatuhusu nini sisi?" Ndugu yangu, yanatuhusu sana. Shule zetu kubwa za bweni za wavulana zilishonwa kwa mtindo uliotoka huko, na swali wanalogombania ndilo lililo mlangoni mwetu kila Januari watoto wanapobeba masanduku kwenda shuleni. Swali lenyewe ni hili: shule kubwa ni ya nani?

Wanaolumbana huko aghalabu huitaja shule moja, nayo ni Eton, iliyo kando ya mto Thames, ng'ambo ya kasri la Windsor. Pengine hakuna shule ya wavulana inayojulikana zaidi duniani. Ina wanafunzi wapatao 1,350 wa umri wa miaka 13 hadi 18, na kila mmoja ana chumba chake mwenyewe. Ushuru huo ulipoanza kutozwa, karo ya Eton ilipita pauni 60,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 10 za kwetu. Mtu akiisikia hesabu hiyo hawezi kamwe kudhani kwamba shule hii iliundwa kwa ajili ya watoto wa maskini, tena wasome bure. Lakini waama ndivyo ilivyokuwa. Leo nataka tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua, tuone ni kwa njia gani maskini aliondolewa katika nyumba aliyojengewa, kwani mwenzio akinyolewa wewe tia maji.

MFALME NA WATOTO 70

Mfalme Henry wa Sita alipoianzisha Eton mwaka 1440 alikuwa kijana wa miaka 18 tu. Alipenda sala kuliko vita, jambo lililomponza baadaye. Mfano wake aliupata katika shule ya Winchester, ambayo Askofu William wa Wykeham aliianzisha mwaka 1382 kwa ajili ya wasomi 70 wahitaji. Henry naye hatimaye aliweka wasomi 70, wale, wavae na wafundishwe bila malipo, kisha waendelee na masomo katika King's College, Cambridge, aliyoianzisha mwaka 1441. Aliipa shule mashamba mengi ili mapato yake yaitunze milele.

Hata hivyo, ndani ya sheria hizo hizo za shule paliachwa kijidirisha. Watoto wa wakubwa, wasiozidi 20, waliruhusiwa kukaa pale kwa gharama zao wenyewe na kusoma pamoja na wale wasomi. Bila shaka lilionekana jambo dogo wakati huo. Lakini wahenga wetu walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 1461 Henry alipinduliwa katika vita vya koo za kifalme, na mfalme mpya, Edward wa Nne, akaipokonya shule sehemu kubwa ya mali yake. Kanisa ambalo Henry alilikusudia liwe kubwa mno lilikomea kipande tu cha ramani yake, na ndicho kinachotumika hadi leo. Henry mwenyewe aliuawa katika Mnara wa London mwaka 1471. Kila mwaka tarehe 21 Mei wajumbe wa Eton na wa King's College huenda mnarani kuweka maua kwa ukumbusho wake. Mwanzilishi wanamheshimu sana. Lakini kumheshimu mwanzilishi ni jambo moja, na kuutimiza wosia wake ni jambo jingine.

JINSI KITI KILIVYOPOTEA

Watu hupenda kusema kwamba matajiri waliinyakua Eton. Mimi siamini kwamba kulikuwa na siku moja ya unyakuzi. Kiti cha maskini kilipotea polepole, kwa hatua tatu, na hakuna hata moja iliyoonekana kuwa dhuluma machoni pa walioichukua.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya fedha. Wana wa matajiri walizidi wale 20, wakajaa, wakapangishiwa nyumba mjini nje ya ua wa shule. Ndipo wakaitwa Oppidans, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mji. Waliokuwa na nyumba hizo, walimu miongoni mwao, walipata faida kutoka kwa kila mvulana aliyelala humo. Basi fikiri mwenyewe: mtoto wa tajiri alileta pesa, na mtoto wa maskini alileta gharama. Hata mwalimu mwema, akiwekwa katika hali hiyo mwaka baada ya mwaka, jicho lake litaelekea wapi?

Hatua ya pili ilikuwa ya kutojali. Wasomi 70 wa mfalme walilala katika ukumbi mmoja mrefu ambao usiku ulifungwa kwa nje, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kulikuwa na baridi na panya, na wenye nguvu waliwatawala wanyonge hadi alfajiri. Sifa ya ukumbi ule ilikuwa mbaya kiasi kwamba mnamo karne ya 19 kuna wakati hata zile nafasi 70 hazikujaa. Maskini alikuwa na kiti kwa sheria, lakini kiti chenyewe kilikuwa na miiba.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba msomaji aiangalie kwa makini, kwa sababu ilikuja kwa jina la haki. Katika miaka ya 1840 wakuu wa shule waliona aibu, wakajenga vyumba vipya na kuweka mtihani wa mashindano kwa wanaotaka nafasi zile 70. Tangu hapo kiti kikawa cha mwenye akili, wala si cha aliyependelewa. Nani angepinga? Lakini mtihani wenyewe ulikuwa wa Kilatini na Kiyunani. Mtoto wa fundi wa viatu angejifunza Kiyunani wapi? Waliofundishwa lugha hizo ni wale ambao wazazi wao waliweza kuwalipia shule za maandalizi tangu wakiwa wadogo. Kwa hiyo mlango ulifungwa kwa kufuli ya Kilatini, na ufunguo ukawa unauzwa mahali ambapo maskini hakufika.

Wala si Eton peke yake. Harrow ilianzishwa mwaka 1572 na mkulima John Lyon kwa ajili ya wavulana wa kijijini kwake. Ilipopata sifa ikajaa wageni wenye mali. Serikali iliteua tume mwaka 1861 kuzichunguza shule 9 za namna hii, nayo ikatoa ripoti mwaka 1864, kisha Bunge likapitisha sheria mwaka 1868. Matokeo yake ni kwamba shule zilitengenezwa vizuri zaidi, lakini haki za wenyeji zikapungua. Mwaka 1876 wavulana wa mji wa Harrow wakafunguliwa shule nyingine kando, ikapewa jina la yule mkulima. Yaani jina wakapewa wenyeji, na shule ikabaki kwa wageni! La ajabu zaidi, hadi leo shule hizi za karo kubwa Waingereza huziita "shule za umma".

MAISHA YA NDANI

Shule ikishakuwa ya wenye nguvu, hufundisha nguvu. Hilo ndilo tunaloliona tukichungulia maisha ya wavulana wa Eton katika karne mbili zilizopita.

Wavulana waligawanywa katika nyumba, kila nyumba na mwalimu wake, na mambo mengi ya kila siku yaliachwa mikononi mwa wavulana wakubwa. Mdogo alikuwa mtumishi wa mkubwa. Alimpikia chai, alimchomea mkate, alimsafishia viatu na kumkimbilia ujumbe. Mkubwa akiita kwa sauti, wadogo wote walitoka mbio, na wa mwisho kufika ndiye aliyetumwa. Hoja ya walioupenda mtindo huu ilikuwa kwamba asiyejua kutii hawezi kujua kuamuru.

Kisha palikuwa na fimbo. Mwalimu mkuu John Keate, aliyeiongoza Eton tangu 1809 hadi 1834, alikuwa mtu mfupi wa kimo lakini jina lake lilitetemesha. Usiku mmoja mwaka 1832, baada ya wavulana kuleta ghasia, aliwachapa zaidi ya 80. Wakubwa nao walikuwa na idhini ya kuwachapa wadogo. Kulikuwa na chama cha wakubwa kilichoanzishwa mwaka 1811 kwa ajili ya midahalo, kiitwacho Pop, ambacho baadaye kikawa baraza la viranja wenye kujivunia vizibao vya rangi mbalimbali. Kuingia humo ilikuwa fahari kubwa kuliko kushinda mtihani.

Mavazi yao hadi leo ni koti jeusi lenye mkia, kizibao na suruali ya mistari. Wana mchezo wao wa mpira unaochezwa kando ya ukuta mrefu wa matofali, ambapo wavulana husukumana matopeni kwa muda mrefu pasipo mpira kwenda popote. Katika pambano kuu la mchezo huo kila mwaka, baina ya wasomi wa mfalme na wale wa mjini, bao la mwisho lilifungwa mwaka 1909. Mtu anaweza kucheka, lakini nadhani kuna somo ndani yake: mvulana alifundishwa kusukuma bila kuuliza faida.

Somo hilo lilikuwa na bei. Katika Vita Kuu vya Kwanza, waliosoma Eton waliokufa walikuwa 1,157. Majina yao yamechongwa shuleni, na haifai mtu kuwadharau vijana wale waliotangulia mbele ya askari wao.

Na nikisema ukweli wote, lazima niseme pia kwamba viti vile 70 havikukosa kuzaa matunda. Mwandishi George Orwell alikuwa mmoja wa wasomi hao tangu 1917 hadi 1921. Nyumbani kwao hapakuwa na mali ya kutosha kumlipia karo nzima. Alitoka pale akawa polisi wa wakoloni huko Burma, akaona unyonge wa wanaotawaliwa, akaacha kazi, na kalamu yake ikawa mwiba kwa ukoloni. Kiti kimoja alichopewa asiyekuwa tajiri kilileta sauti ambayo matajiri wenyewe hawakuipenda.

MKONO WAO KWETU

Eton imetoa mawaziri wakuu 20 wa Uingereza, tangu Robert Walpole aliye wa kwanza hadi Boris Johnson. Kwa sisi Wakenya hili si jambo la mbali.

Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, aliyepewa ekari 100,000 kule Njoro mwaka 1903, alikuwa mwanafunzi wa Eton. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekufa katika ajali ya ndege pale Voi mwaka 1931 na kuzikwa kwenye vilima vya Ngong, naye pia alisoma huko. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Waziri wa Makoloni kule London alikuwa Oliver Lyttelton, mtu wa Eton, na Gavana hapa Nairobi alikuwa Sir Evelyn Baring, aliyesomea Winchester. Na bendera yetu ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Sir Alec Douglas-Home, naye pia wa Eton. Hebu tafakari jambo hili. Shule mbili zilizojengwa na mfalme na askofu kwa ajili ya watoto wahitaji ndizo zilizowalea mabwana waliotutawala.

Na Mwafrika alipoingia mle ndani alipokewaje? Bwana Dillibe Onyeama kutoka Nigeria alisoma Eton tangu 1965 hadi 1969, akawa Mwafrika wa kwanza kumaliza masomo yake pale. Mwaka 1972 alitoa kitabu akieleza matusi na dharau alizokutana nazo kwa sababu ya rangi yake. Shule ilijibu kwa kumkataza kuizuru. Ilimlazimu kungoja hadi mwaka 2020 ndipo mwalimu mkuu wa wakati huo akamwomba radhi hadharani. Onyeama aliaga dunia mwaka 2022. Karibu nusu karne ilipita kabla ya shule kukiri lile ambalo mwanafunzi wake aliliandika kwa wino.

KILICHOBAKI KWETU

Wakoloni walileta mbegu ya shule hizo hapa. Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, ilifunguliwa Kabete mwaka 1931 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Wamisheni wa Kiprotestanti walikwisha kufungua Alliance kule Kikuyu mwaka 1926 kwa ajili ya Waafrika, na kuanzia 1940 hadi 1962 ikaongozwa na Carey Francis, mtaalamu wa hesabu aliyeacha kazi Cambridge akaja kufundisha Maseno kwanza. Shule hizi hazikuwa za kibinafsi kama Eton, lakini nyumba zilikuwepo, viranja walikuwepo, na fimbo ilikuwepo. Sitaki kuwakosea adabu wazee waliofunzwa na Carey Francis. Alliance ilitoa sehemu kubwa ya viongozi wa taifa jipya, tena wengi walikuwa wana wa wakulima wasio na kitu. Katika jambo hilo Kikuyu iliutimiza wosia wa Mfalme Henry kuliko Eton yenyewe.

Lakini pamoja na elimu tulirithi pia ule utumishi wa mdogo kwa mkubwa, tukaupa jina letu la "mono". Mimi ni mmoja wa waliopita katika shule ya bweni ya wavulana, ambayo sitaitaja. Juma la kwanza niliambiwa kwamba mono si mtu. Niliamshwa usiku kumchotea maji mvulana wa kidato cha juu, nikafua soksi zake, nikaamriwa niizime taa ya umeme kwa kuipuliza huku bweni zima likicheka. Kiranja alikuwa amesimama pale pale. Mwaka uliofuata, baadhi ya walioteswa pamoja nami ndio waliokuwa wa kwanza kuwangoja mono wapya langoni. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya mtindo huu: anayeumia hafundishwi kuuchukia uonevu, bali hufundishwa kungoja zamu yake.

Tena uonevu huo si mchezo wa kitoto. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja 4 walichomwa moto usiku na wanafunzi wenzao wakiwa katika chumba chao. Taifa lilitetemeka. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na mnamo 2009 likaanzishwa baraza la wanafunzi wa shule za upili, ili viongozi wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa na walimu. Hata hivyo, mwaka 2017 habari za kuteswa kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule moja kongwe ya wavulana zilizagaa nchini, na wizara ikalazimika kutuma wachunguzi.

Eton yenyewe iliufuta utumishi wa wadogo mwaka 1980. Sheria iliyokomesha fimbo katika shule zote za kibinafsi za Uingereza ilipitishwa mwaka 1998. Mwenye nguo ameivua, naye aliyeazima bado anaipiga pasi! Ninapowasikia wazee wenzangu wakisema kwamba watoto wa siku hizi wameharibika kwa kukosa kuteswa kidogo, huwa nawauliza wanamtetea nani, kwani hata aliyetufundisha mtindo huo ameshauacha.

MTIHANI NA MLANGO

Sasa turudi kwenye ile hatua ya tatu, ya mtihani wa haki usiokuwa wa haki, kwa sababu nayo tumeiona hapa kwa macho yetu. Baada ya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2003, madarasa ya shule za umma yalifurika, na wazazi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao katika akademia za kibinafsi. Haikupita miaka mingi kabla ya watoto wa akademia kujaza sehemu kubwa ya nafasi za shule za taifa, ijapokuwa walikuwa wachache miongoni mwa watahiniwa. Hakuna aliyeiba mtihani. Walikuwa na vitabu, walimu wa kutosha, na madarasa ya watoto 30 badala ya 80. Mwaka 2011 serikali iliweka mgao, ili nafasi zigawanywe kwa kadiri ya idadi ya watahiniwa wa umma na wa kibinafsi. Wazazi wa akademia walikwenda mahakamani, na mahakama ikaikataa kesi yao.

Nakumbuka ubishi wa siku zile katika matatu na katika hoteli za chai. Kuna waliosema kwamba mtoto aliyepata alama 420 ameonewa na mwenye alama 380. Swali langu lilikuwa, na lingali, hili: ni nani aliyepanda mlima mrefu zaidi? Mtihani hupima mahali mtoto alipofika, na haupimi alikoanzia safari.

Kisha kuna mlango wa pili, nao ni gharama. Mwongozo wa serikali uliweka karo ya mzazi katika shule za taifa za bweni kuwa Sh53,554 kwa mwaka, juu ya fedha zinazotolewa na serikali kwa kila mwanafunzi. Lakini mzazi yeyote anajua kwamba karo ni mwanzo tu. Kuna godoro, sanduku, sare za aina tatu, viatu, blanketi, vitabu na nauli. Mtoto ameitwa shule kubwa, kijiji kimeshangilia, na mama yake anauza mbuzi wa mwisho akiwa bado hajafika nusu ya orodha. Nafasi ipo katika barua, lakini mguu haufiki langoni.

MFANO WA STAREHE

Je, basi haiwezekani kabisa shule kubwa ikabaki mikononi mwa maskini? Inawezekana. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Kenya na kusomea Prince of Wales, alianzisha Starehe hapa Nairobi pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo. Walianza na vibanda viwili vya mabati, wakiwakusanya wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani baada ya misukosuko ya hali ya hatari. Starehe nayo ina nyumba, viranja na nidhamu kali, lakini iliweka mambo mawili tofauti. Kwanza, karo ilipimwa kwa uwezo wa mzazi: asiye na kitu asome bure, na mwenye nacho alipe. Pili, paliwekwa baraza ambapo mvulana yeyote angeweza kusimama na kumwuliza mkurugenzi swali mbele ya shule nzima. Griffin aliiongoza hadi alipofariki mwaka 2005.

Tazama tofauti. Eton iliacha kijidirisha kwa ajili ya tajiri, na dirisha likawa lango. Starehe ilimruhusu tajiri aingie pia, lakini umaskini ndio uliobaki kuwa sifa ya kuhesabiwa mlangoni. Sisemi kwamba Starehe haina matatizo, kwani hakuna shule isiyo nayo, hasa mwanzilishi wake akishaondoka. Nasema kwamba mlango ukiwekewa masharti yaliyo wazi, na mnyonge akipewa mahali pa kusema, mambo huwa mengine.

USHURU NI DAWA?

Je, ushuru wa Uingereza ni dawa? Wanaoupinga wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Wanasema kwamba Eton haitaanguka, maana wazazi wake wataweza kulipa, bali watakaoumia ni shule ndogo, zile za madhehebu ya dini na zile zenye watoto wanaohitaji uangalizi wa pekee. Wanaouunga mkono wanajibu kwamba asilimia kama 7 tu ya watoto wa Uingereza ndio wanaosoma katika shule za kibinafsi, na si haki wale 93 wanaobaki wakose walimu. Eton kwa upande wake husema kwamba huwasaidia wanafunzi wengi kwa karo, na wapatao 100 hawalipi chochote.

Kwa maoni yangu, ushuru huo utaleta fedha, lakini hautarudisha kiti. Tajiri akilipa zaidi, atazidi kuiona shule kuwa mali yake. Wale 100 ni jambo jema, lakini wako pale kwa ukarimu wa shule, na ukarimu unaweza kupunguzwa mwaka wowote hesabu zikiwa mbaya. Mfalme Henry hakuwapa wale 70 ukarimu. Aliwapa haki, akaiandika, akaipa mashamba ya kuilinda. Hata hivyo haki hiyo ilimomonyoka kwa sababu baada ya kufa kwake hakuwapo mtu wa kuuliza kila mwaka: wale 70 ni wana wa nani?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulibebe sisi. Shule zetu kubwa zingali changa. Alliance ilitimiza miaka 100 mwezi Machi 2026, na Eton ina karibu miaka 600. Bado tuna wakati wa kuziba ufa. Kila shule ya taifa na itangaze kila mwaka ni watoto wangapi wametoka katika nyumba za vibarua na wakulima wadogo, na ni wangapi walioitwa lakini hawakufika kwa kukosa godoro na nauli. Kila bweni na liwe na njia ambayo mtoto wa kidato cha chini anaweza kulalamika bila kulipizwa kisasi usiku. Mambo haya hayahitaji mabilioni. Yanahitaji mtu wa kuhesabu, na mzazi wa kudai hesabu.

Basi, mzazi mwenzangu, utakapoalikwa kwenye mkutano wa wazazi mwaka huu, usiishie kuuliza kuhusu alama za wastani na basi jipya la shule. Simama uulize kiti cha mtoto wa maskini kiko wapi na nani anakilinda. Wakikunong'oneza kwamba wewe ni mchochezi, waambie kwamba kule Eton walinyamaza, na wale 70 wakapotea bila mtu kupiga kelele.